Mbizi Themanini na Saba Zisizo Zangu

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, au nyumbani kwenu mlikwisha kulifutia vioo, nitakurudishia kwa ufupi. Mimi ni fundi wa mashine za fotokopi. Nina mchumba, naye ni mpima macho. Baba yake alifanya kazi chini ya maji bandarini kwa miaka ishirini na minane, akikata na kuunga vyuma vya meli, na siku ya kwanza nilipopelekwa kwao aliniuliza kama napiga mbizi.

Nilijibu, "Kidogo kidogo."

Hilo ndilo kosa. Mengine yote yametoka humo. Ziara ya pili, "kidogo kidogo" ilikuwa imefika mbizi thelathini. Ziara ya nne, themanini na kitu. Hesabu ya kweli, kama nilivyokiri kwenye ukurasa huu huu, ni mbizi nne, zote katika bwawa la kuogelea la kufundishia, na mojawapo niliteleza.

Halafu mkwe akasema tutaingia baharini pamoja, mimi na yeye, Jumamosi.

Hili si jambo dogo. Tangu mdogo wake alipopotea chini ya maji, miezi kumi na minne iliyopita, mzee hajagusa bahari. Walishuka wawili, akapanda peke yake. Mdogo wake alitafutwa siku kumi na moja, kisha wakaweka msiba bila mwili. Mimi nilikuwepo msibani, nyuma kabisa, nikipanga viti, kabla sijatambulishwa kwao. Sasa mzee anataka kurudi majini, na kati ya watu wote duniani aliyemchagua kushuka naye ni mimi.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita.

Jumatatu saa nne asubuhi nilikuwa katika ofisi ya shule moja, mkono wangu wa kulia umezama ndani ya mashine hadi kwenye kiwiko, simu ikaita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kompyuta yako ya mbizi ni ya aina gani?"

Sikujua kama zina aina. "Ya kuvaa mkononi," nikasema.

"Karibu zote ni za kuvaa mkononi."

"Ndiyo, baba. Na yangu pia."

"Alhamisi njoo nayo nyumbani," akasema. "Kompyuta inaandika kila kitu. Tarehe, kina, dakika. Sishuki na mtu kabla sijaona anashukaje na anapandaje. Zamani nilikuwa siangalii. Sasa naangalia."

"Iko kwa fundi, baba. Betri."

"Mpaka Alhamisi itakuwa tayari," akasema, akakata.

Nilitoa mkono. Ulikuwa mweusi kwa wino. Mwalimu aliyekuwa anasubiri mitihani yake itolewe nakala akaniuliza kama habari ni mbaya. Nikamwambia wino umemwagika. Hilo lilikuwa kweli, na halikuwa jibu la alichouliza. Ndivyo nilivyo.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Nitanunua kompyuta mpya ya bei nafuu, niseme fundi alipobadili betri kumbukumbu zote zikafutika. Nitahuzunika kidogo mbele ya mzee. Yeye atanipa pole.

Duka la vifaa vya mbizi liko kati ya duka la matairi na ofisi ya bima. Mwenye duka ni mama wa miaka hamsini na kitu, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, sauti kubwa, kama mtu aliyezoea kuongea na watu wenye maji masikioni.

"Karibu, kaka. Unatafuta nini?"

"Kompyuta ya mbizi. Isiyo ghali."

Akatandika taulo juu ya kaunta, akaweka kompyuta tatu juu yake, taratibu, kama vile zimelala.

"Hii ya kwanza ndiyo rahisi kuliko zote. Kitufe kimoja. Ukikosea kubonyeza unazunguka yote upya. Na betri ikiisha inapelekwa kiwandani, unakaa wiki tano bila kupiga mbizi."

"Wiki tano si mbaya," nikasema.

Akavaa miwani, akanitazama.

"Ya pili imezidi bei kidogo. Vitufe viwili, tarakimu kubwa, betri unabadili mwenyewe kwa sarafu. Inakubali hewa ya kawaida na ile iliyoongezwa oksijeni, kwa hiyo ukisoma kozi ya mbele hulazimiki kununua nyingine. Ya tatu ina skrini ya rangi na inawasiliana na mtungi wako."

"Vinaongea nini?"

"Hewa iliyobaki."

Nikageuza kikaratasi cha bei. Nikakirudisha kilivyokuwa.

"Mama, samahani," nikasema, na hapo nikajisahau kabisa. "Kazi yake hasa ni nini?"

Hakucheka. Aliegemea kaunta kwa viwiko.

"Ukiwa chini, hewa unayovuta inaingiza gesi mwilini. Ukikaa mno, kisha ukapanda mbio, ile gesi inafanya mapovu kwenye damu, kama soda iliyotikiswa ukaifungua. Watu wanapooza hivyo. Watu wanakufa. Hii inakuambia umebakiwa na dakika ngapi, na inapiga kelele ukipanda haraka. Basi. Mengine yote ni mapambo. Na ujue kwamba haikujui. Haijui jana ulilala saa ngapi, ulikunywa nini, una mwili gani. Kwa hiyo mtu anayeanza achague yenye uoga mwingi, inayomwamuru apande mapema, na ambayo anaweza kuisoma akiwa ameogopa."

"Nitajuaje kama naweza kuisoma nikiwa nimeogopa?"

"Isome sasa."

Nikaisoma ya kwanza, haikusomeka. Nikaisoma ya pili, ikasomeka.

"Una mbizi ngapi, kaka?"

"Nne."

Lilitoka lenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki saba za uongo kuitamka namba hiyo mbele ya mtu, na mama yule alipoisikia hakushtuka, hakunidharau, alichukua tu ile ya tatu akairudisha kabatini. Nilitamani kukaa pale dukani mpaka Jumapili.

"Basi chukua ya pili," akasema. "Na kama bei inakubana, ninayo kama hiyo hiyo, iliyotumika, nusu bei. Imeletwa juzi juzi, nimeambiwa mwenyewe haihitaji tena. Ngoja tu niisafishe, ina mbizi zake themanini na saba ndani, nizifute."

"Usifute!"

Nilisema kwa sauti kiasi kwamba mtu wa matairi alichungulia.

Mama akaishika ile kompyuta, hakunipa. "Mbizi za mtu mwingine zitakusaidia nini?"

"Nitajifunza kwake."

"Kujifunza nini? Ni tarehe na namba tu."

"Mimi huelewa zaidi kwa namba."

Akaigeuza mkononi mara mbili. "Kaka, mimi ni mfanyabiashara, sifukuzi mteja. Lakini mtu wa mbizi nne anafaa aanze na sifuri yake mwenyewe."

Mwaka huu sijapata ushauri mzuri kuliko huo. Nikalipa, nikaondoka na mbizi themanini na saba.

Jumanne na Jumatano sikutengeneza mashine hata moja ipasavyo. Nilizinakili mbizi zote kwenye daftari langu la vipuri, nikawa nazikariri kama mtoto anayekariri jedwali la kuzidisha. Ya kwanza, mita sita, dakika ishirini na nne. Ya tisa, mita kumi na mbili, dakika thelathini na nane. Ya themanini na sita ilikuwa ya kina kuliko zote, mita thelathini na nne, na pembeni yake palikuwa na mshale mdogo unaoelekea juu. Niliamini ni alama ya betri. Ya mwisho kabisa, ya themanini na saba, ilikuwa mita nne tu, dakika kumi na moja. Hiyo niliipenda. Ilikuwa karibu na uwezo wangu.

Tarehe nilizipuuza. Mimi si mtu wa tarehe. Hata siku yangu ya kuzaliwa huisoma kwenye kitambulisho.

Alhamisi saa kumi jioni nikabisha hodi kwa wakwe.

Sebule yao ni ndogo na kila kitu kina mahali pake. Meza ya kioo, saa ya ukutani, makochi yenye vitambaa alivyovifuma mama mkwe. Ukutani kuna picha ya marehemu, mdogo wa mzee, miwani ya mbizi ameipandisha kwenye paji la uso, anacheka. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake cha karibu na mlango, anafuma. Huyu mama ni mtu wa maneno machache. Kwa wiki saba sijamsikia akimaliza sentensi mbili mfululizo. Mchumba wangu alikuwa ametoka kazini, bado na sare nyeupe, akaniletea chai na kukaa kando yangu.

Nikaitoa kompyuta, nikamkabidhi mzee kwa mikono miwili.

Aliipokea kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulibaki juu ya goti. Vidole vya mkono ule vimekufa ganzi tangu siku ile ya mdogo wake.

"Uliichagua wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini hii?"

Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile nilikuwa na jibu. Nikamwambia betri ninabadili mwenyewe kwa sarafu, sihitaji kiwanda. Nikamwambia tarakimu zinasomeka hata mtu akiwa ameogopa. Nikamwambia mashine haimjui mtu, kwa hiyo ni bora yenye uoga mwingi, na kwamba skrini za rangi ni mapambo.

Mzee akaegemea nyuma.

"Mama yake, umesikia?" akamwambia mkewe. "Vijana wote wananunua rangi. Huyu amenunua akili."

Mama mkwe aliniangalia, akarudi kwenye ufumaji wake. Mchumba wangu akanikanyaga mguu chini ya meza, kwa mapenzi. Nikajiona mtu. Hali hiyo ilidumu kama dakika nne.

"Tuanze na ya kwanza kabisa," mzee akasema, akibonyeza kwa kidole gumba. "Mita sita. Uliogopa?"

"Sana, baba."

"Vizuri. Asiyeogopa ya kwanza simtaki. Ya tisa..."

"Mita kumi na mbili, dakika thelathini na nane," nikasema kabla hajasoma.

Akacheka mpaka akakohoa. Akaendelea, ya kumi na tano, ya ishirini, kila moja anatikisa kichwa kwa kuridhika. Maandishi yalikuwa madogo kwake, akawa anaisogeza mbali na uso, mbali zaidi, mpaka mkono ukaisha. Mchumba wangu, kwa mazoea ya kazi, akainyakua.

"Lete nikusomee, baba. Ya thelathini. Ya thelathini na moja."

Akaisogeza karibu na macho.

"Vipi?" mzee akauliza.

"Tarehe ishirini na sita, mwezi wa saba, mwaka juzi." Akanigeukia. "Hiyo ndiyo siku niliyopewa cheti changu."

Niliikumbuka siku hiyo. Siikumbuki tarehe, ila siku naikumbuka.

"Ulinipigia simu asubuhi," akasema. "Ulisema una homa. Ulisema huwezi hata kusimama."

Wasomaji wangu, sikilizeni. Siku ile nilikuwa na homa kweli. Nilikuwa nimelazwa, dripu mkononi, muuguzi ananipangusa jasho. Katika maisha yangu yote na mchumba wangu, huo ndio udhuru pekee usiokuwa na punje ya uongo ndani yake. Ili niutetee, ilibidi niseme mbizi zile si zangu. Ili mbizi ziwe zangu, ilibidi niukane.

Mzee alikuwa ananiangalia kwa uso ule ule wa "huyu amenunua akili".

"Nilikwenda mara moja tu," nikasema. "Kabla homa haijapanda."

Mchumba wangu akasoma tena, polepole, kama anasoma zile herufi za ukutani anazowaonyesha wagonjwa wake.

"Saa nne na dakika kumi asubuhi. Mita kumi na nane. Dakika hamsini na mbili." Akaiweka kompyuta mezani. "Saa nne na dakika kumi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na joho la kuazima. Kila mlango ulipofunguliwa niligeuka. Waliniita jina mara mbili, kwa sababu nilikuwa natazama mlango."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Usimwonee, mwanangu," mzee akasema, akitaka kuniokoa. "Wapiga mbizi ndivyo tulivyo. Maji yakitulia tunasahau watu. Hata baba yako mdogo hakuja siku ile, hukumbuki? Alikuwa majini."

Akafurahishwa na wazo lake. Akainuka, akaingia chumbani, akarudi na daftari lake la zamani la mbizi, jalada limebandikwa gundi ya karatasi.

"Hebu tuone kama mimi na wewe tuliwahi kukutana huko chini bila kujuana. Nisomee, mwanangu. Ya arobaini."

Mchumba wangu akaichukua kompyuta bila kunitazama, akasoma tarehe. Mzee akapekua.

"Eh! Na mimi nilikuwa majini siku hiyo. Mita kumi na sita."

"Hii nayo mita kumi na sita," mchumba wangu akasema.

"Umeona! Ya arobaini na nne?"

Akasoma.

"Na mimi! Ishirini na moja. Yako?"

"Ishirini na moja."

"Dunia ndogo," nikasema.

"Ya hamsini. Na mimi. Ya hamsini na mbili. Na mimi." Kicheko kilikuwa kinapungua kila ukurasa, kama sauti ya redio inayoishiwa betri. Siku ile ile. Kina kile kile. Dakika zinapishana moja au mbili. "Ya sitini na tatu. Na mimi."

"Dunia ndogo sana, baba."

"Bahari si ndogo," akasema, bila kuinua kichwa.

Zilipofika mbizi kumi na moja zinazolingana, mzee akafunga daftari, kidole kikiwa bado ndani. Akanyoosha mkono apewe kompyuta. Akabonyeza mwenyewe, akabonyeza, akabonyeza, akaisogeza mbali mpaka akaweza kusoma.

"Ya themanini na sita," akasema. "Mita thelathini na nne. Dakika kumi na tisa. Na huu mshale." Akanielekezea. "Huu mshale unaujua?"

"Betri," nikasema.

"Ni kupanda mbio. Kutoka chini mpaka juu kwa dakika moja, bila kusimama popote. Kwa nini ulipanda hivi?"

Nilikuwa nimekwisha kuukana ugonjwa wangu kwa ajili ya mbizi zile. Sikuona njia ya kurudi.

"Nilikuwa na haraka, baba."

"Haraka."

"Ndiyo. Kuna mashine ilikuwa imeharibika mahali."

Mzee aliisoma tarehe kwa sauti, siku, mwezi na mwaka, na hakuhitaji daftari. Mchumba wangu akaweka mkono mdomoni. Wote wawili wakatazama ukutani. Nikageuka kutazama wanachotazama, nikakutana uso kwa uso na marehemu anacheka.

Ndipo nilipoelewa nimenunua nini.

"Siku hii tulikuwa wawili tu," mzee akasema. Alikuwa anaongea na kompyuta. "Mimi na mdogo wangu. Maji machafu, kiganja chako hukioni. Kama dakika ya ishirini niligeuka, hayupo. Nikamtafuta. Nilimtafuta mpaka dakika ya thelathini na moja, mpaka hewa ikawa nzito mdomoni. Huu mkono ulikufia pale. Nilipotoka juu, boti ipo. Viatu vyake vimo ndani ya boti."

Nikasimama. Sikujua mtu hukiri akiwa amekaa au amesimama, nikaona kusimama ni adabu zaidi.

"Baba, mbizi hizi si zangu."

Nikasema yote. Duka, nusu ya bei, "usifute", bwawa la kufundishia, mbizi nne, ile niliyoteleza. Uongo uliochukua wiki saba kuujenga ulimalizika kwa muda usiozidi dakika moja, na kitu cha ajabu ni kwamba mzee hakunisikiliza. Nilikuwa najiua mbele yake, yeye anapiga hesabu kwa vidole vya mkono wa kulia.

"Dakika ya kumi na tisa yuko juu," akasema. "Mimi ya thelathini na moja. Nilikuwa chini namtafuta, na yeye yuko juu."

Aliyenisikiliza ni mchumba wangu.

"Kwa hiyo siku ya cheti changu ulikuwa mgonjwa kweli?"

"Kweli kabisa. Nililazwa."

"Na hapa sasa hivi umeniangalia machoni ukakubali kwamba ulinitoroka."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nilitafuta sababu nzuri. "Ilikuwa rahisi zaidi," nikasema.

Alinitazama kama anavyomtazama mtu aliyeshindwa kusoma herufi ya juu kabisa, ile kubwa. Kisha akafanya lile ambalo mpima macho hufanya mgonjwa anaposhindwa: akaniacha, akarudi kwenye kifaa. Akamwondolea baba yake kompyuta mkononi, taratibu.

"Baba. Hiyo ni ya themanini na sita."

"Ndiyo."

"Ziko themanini na saba."

Mzee akanyanyua uso.

"Mita nne. Dakika kumi na moja. Saa kumi na mbili asubuhi." "Siku kumi na mbili baada ya sisi kuacha kutafuta."

"Labda kuna mtu aliiokota," mchumba wangu akasema. "Labda ilimtoka mkononi, ikaelea."

"Haielei. Ingemtoka ingezama, ikabaki huko chini mpaka leo." Maneno ya mzee yalikuwa yamenyooka. "Ilipanda mkononi mwa mtu. Kompyuta haipandi yenyewe, mwanangu. Na haipigi mbizi yenyewe saa kumi na mbili asubuhi."

Akainuka kwa ghafla, kikombe kikaanguka, hakuna aliyekiangalia. Akavaa viatu bila soksi.

"Hilo duka liko wapi?"

"Kati ya duka la matairi na ofisi ya bima."

"Linafungwa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, baba."

Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo.

"Twende. Utakaa mbele unielekeze. Huyo mama atatuambia nani aliiuza. Habari yako tutaizungumza tukirudi, na jiandae, itakuwa ndefu."

Nikasema ndiyo baba. Nikageuka nifungue mlango, nikakuta mlango una mtu.

Sikumwona mama mkwe akiinuka. Ufumaji wake ulikuwa umebaki kitini, umekunjwa vizuri, sindano imechomekwa katikati. Yeye alikuwa amesimama, mgongo mlangoni, ufunguo mkononi. Uso wake haukuwa na mshangao wowote.

"Vua viatu, baba watoto," akasema. "Hamwendi popote."

"Mama yake, hujasikia? Ni mdogo wangu! Huenda yuko hai!"

"Nimesikia," akasema mama mkwe, akautia ufunguo kifuani. "Mwacheni alipo."